Muulize Kwanza Kama Anataka Kuja

*Shangazi,*

*Mimi ni dada wa miaka 29, naishi Tabata, Dar es Salaam. Tuko marafiki watano tangu chuo. Mwaka jana mwezi wa sita tulikubaliana twende pamoja Zanzibar kwenye Sauti za Busara, tulale siku tatu, na mimi nikachaguliwa kutunza pesa. Kila mmoja atoe 420,000. Humo mna boti kwenda na kurudi, nyumba ya kupanga Shangani, tiketi za tamasha siku zote, chakula, na gari la kutupeleka Kendwa kuogelea.*

*Wenzangu watatu walimaliza kabla ya Krismasi, na mimi pia. Wa tano, nimwite S, alitoa 100,000 mwezi wa tisa akanyamaza. Mwezi wa kumi na moja tulikutana msibani, akanivuta pembeni akaniambia mumewe alipunguzwa kazini, nyumba nzima inamtegemea yeye, na nisimwambie mtu yeyote. Nikamwambia, "Usijali, safari haikupiti." Hakujibu, alinishika mkono tu.*

*Basi nikaanza kumlipia. Kwanza niliweka 120,000 za akiba yangu. Wiki iliyopita mmoja wetu akaandika kwenye grupu kwamba asiyemaliza mpaka Ijumaa abaki, hatuwezi kucheleweshwa na mtu mmoja. Niliogopa. Nikakopa 200,000 kwenye programu ya simu, nirudishe 270,000 ndani ya siku 14, nikaandika kwenye grupu kuwa michango imekamilika. S aliuona ujumbe ule. Hakusema kitu, na tangu siku hiyo hapokei simu zangu.*

*Nyumba tumeshalipa nusu, 300,000. Boti na tiketi bado. Pesa ya kulipa mkopo sina. Niwaambie wenzangu hali ya S ili wamchangie? Nimtoe? Au nivumilie nilipe kidogo kidogo, maana ni rafiki yangu, na ndiye aliyetuzoesha taarabu sote? Bibi yake alikuwa mtu wa Kikwajuni na mama yake mdogo anaishi huko mpaka leo. Halafu Shangazi, boti ya kurudi tukate ya Jumapili jioni au Jumatatu? Nijibu haraka.*

*Mtunza Pesa, Tabata*

Mwanangu,

Naanza na deni, kwa kuwa deni lina tarehe. Umekopa laki mbili urudishe laki mbili na elfu sabini baada ya wiki mbili. Nyongeza hiyo ni zaidi ya theluthi ya mkopo wenyewe, na ukichelewa itaongezeka. Angalia leo hii kama waliokukopesha wana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza hadharani orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali chake, na malalamiko ya watu dhidi ya wakopeshaji wa namna hiyo unayajua: ukipakua programu inaomba ruhusa ya kusoma namba zote zilizo kwenye simu yako, na siku ukichelewa, ujumbe unatumwa kwa dada yako, kwa bosi wako, kwa mama mkwe, kwamba fulani ni mdaiwa sugu, mwambieni alipe.

Sasa fikiria simu yako wewe ina majina ya akina nani. Wale watatu wamo. S yumo. Umekopa ili kulinda siri ya mwenzako, na mkopo huohuo unaweza kuwafanya wote wanne wapokee ujumbe asubuhi moja wakaanza kuulizana wewe laki mbili ulizitaka za nini, wiki ileile uliyotangaza kwamba michango imetimia. Hapo hata mtoto angeunganisha.

Lakini nimepiga hesabu zako, na hujakwama kama unavyodhani. Wanne mmetoa 1,680,000. Ongeza 100,000 za S, 120,000 zako za ziada na 200,000 za mkopo, zinafika 2,100,000. Mmetumia 300,000 tu za nyumba. Maana yake kwenye simu yako kuna 1,800,000, na zile laki mbili za mkopo zimekaa humo hazijanunua hata soda. Zitoe. Toa na zile 120,000 zako. Hizo ni 320,000, zote ni pesa zako wewe, hakuna shilingi ya mwenzako hapo. Lipa 270,000, ubaki na 50,000 mkononi. Mfuko wa safari utabaki na 1,480,000, na hiyo ndiyo pesa halali mliyo nayo tangu mwanzo. Ukishalipa, tunza ujumbe wa malipo, uondoe ile ruhusa ya kusoma namba zako kwenye mipangilio ya simu, kisha ndipo uifute programu.

Ila usilipe leo. Lipa kesho asubuhi. Leo jioni uende kwa S, kwa sababu ukianza na mfuko utalazimika kuandika kwenye grupu, na S hapaswi kuyasoma haya kwenye grupu kwa mara ya pili.

Mwanangu, nimeisoma barua yako tena na tena, na kila nikifika pale msibani nasimama. Mwenzako alikuvuta pembeni akautua kwako mzigo wa moyoni: mume hana kazi, nyumba iko mabegani mwake. Hakukuomba pesa. Hakutaja Zanzibar. Wewe ndiye uliyeitaja safari, na alipokushika mkono bila kusema neno, ukaamua kwamba amesema ndiyo. Tangu siku hiyo mpaka leo, kwa mapenzi mengi, umekuwa ukimlipia kitu ambacho hujamuuliza kama anakitaka.

Kisha tazama ule ujumbe wa "michango imekamilika" kwa macho yake. Anajua ametoa 100,000. Anajua kuna 320,000 ambazo hakuzitoa. Anasoma kwamba zimetimia. Amejua saa hiyohiyo kwamba kuna mtu amemlipia, na mtu mwenyewe ni wewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeambiwa. Amelala hana deni lako, ameamka analo, na la kiasi ambacho kwa hali ya nyumba yake huenda ni unga, kodi na ada ya mtoto. Atakupokeleaje simu? Akipokea aseme nini? Ahsante? Nitakulipa? Lini? Mtu wa heshima akikosa la kusema hunyamaza, na huo ndio ukimya unaousikia. Usiutafsiri kuwa amekasirika au hana shukrani.

Kwa hiyo nenda kwake mwenyewe, kwa miguu yako. Usimtumie ujumbe mrefu wa kuombana radhi. Ukifika, mumewe huenda yupo nyumbani, na huenda hajui kwamba wewe unajua. Basi salimia, kaa, kunywa maji, ongea ya watoto, kisha uage na umwombe S akusindikize mpaka kituoni. Kwetu maneno mazito husemwa njiani wakati wa kusindikizana, mkitazama mbele wote wawili, na kila mmoja anajua kwamba mazungumzo yana mwisho wake pale daladala itakapokuja. Huko ndiko umwambie. Sema hivi, au kwa maneno yako: "Nilijaza mchango wako bila kukuuliza. Kesho asubuhi nazitoa, huna deni langu hata senti. Na ile siri yako ipo palepale. Sasa naomba nikuulize nilichopaswa kukuuliza siku ile. Hii safari unaitaka, au huitaki?"

Halafu nyamaza umsubiri. Usimsaidie kujibu.

Anaweza kusema hapana. Kuna sababu nyingi za hapana na nyingine hatakwambia. Mwanamke ambaye mumewe amekaa nyumbani miezi kadhaa bila kazi ana macho ya wakwe mgongoni. Akipanda boti kwenda kwenye muziki siku tatu, kuna mtu atasema mke wa fulani anakula raha mumewe anakula shida. Na huenda yeye mwenyewe roho haimpi kumwacha mwanamume aliyevunjika moyo peke yake na watoto. Huenda pia amechoka tu. Akisema hapana, ikubali mara ya kwanza. Usimbembeleze, usimwambie "hata siku moja tu". Zile 100,000 zake mrudishie kesho yake, zote, bila kukata sehemu ya nyumba. Wewe na wale watatu mtabeba pengo hilo, na nitakuonyesha hapa chini kwamba mnalimudu.

Anaweza pia kusema, nataka, ila sina. Hapo ndipo nina neno kuhusu ile 420,000 yenyewe.

Mliifunga safari nzima kwenye furushi moja. Boti, nyumba, tiketi za siku zote, chakula, gari la Kendwa, vyote bei moja, na asiyeweza furushi zima hana safari. Nimeona marafiki wengi wakifanya hivi kwa nia njema, ili mambo yawe sawa kwa wote. Lakini Mji Mkongwe wakati wa tamasha ni mahali ambapo mtu mwenye laki nne na mtu mwenye elfu themanini wanaweza kukaa kwenye ukuta mmoja wakisikiliza wimbo mmoja, na ninyi mmejinyima faida hiyo wenyewe.

Nikueleze ninavyoujua. Sauti za Busara ilianza mwaka 2004, na uwanja wake mkuu ni Ngome Kongwe, ile ngome ya mawe ambayo Waarabu wa Omani waliijenga mwishoni mwa karne ya 17 baada ya Wareno kuondoshwa. Ndani ni uwanja wa wazi, juu ni nyota, na popo wanaruka juu ya taa za jukwaa. Sharti la tamasha ni muziki kupigwa hai: anayepanda pale anapanda na wapigaji wake, haimbi juu ya muziki uliorekodiwa. Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu, aliimba kwenye jukwaa lile akiwa bibi wa miaka ambayo hata yeye hakuwa na uhakika nayo, na tangu afariki Aprili 2013 bado watu wanamtaja kila msimu kana kwamba ametoka kuvuta sigara atarudi. Kwa hiyo sikwambii tiketi si kitu. Usiku mmoja ndani ya Ngome Kongwe ni kitu, na mtu anayependa muziki anastahili kuupata. Nasema usiku mmoja unatosha kwa asiye na pesa ya siku zote. Tiketi ya siku moja huuzwa, na Mtanzania hulipa chini ya anacholipa mgeni wa kutoka mbali. Vitambulisho msisahau, maana vitaulizwa hapo na bandarini pia.

Yaliyobaki yako nje ya ukuta na hayana mlango. Siku ya ufunguzi kuna maandamano yanayotoka Kisonge, Michenzani, kuteremka hadi Forodhani. Beni, kama ile ya Mbwa Kachoka, zinatangulia na matarumbeta yao, zinafuata ngoma, wanafuata watu wanaotembea juu ya mironjo wakipita usawa wa madirisha ya ghorofa ya kwanza, na watoto wa mitaa ya Ng'ambo wanakimbia pembeni kama kingo mbili za mto. Wanawake wanatoka mabarazani na khanga zao, mtu hata hajavaa viatu anajikuta amefika Darajani. Hakuna anayekuuliza tiketi. Ukitaka kujua mji ule unapenda muziki kiasi gani, simama Michenzani saa ile kabla hujaingia Ngome Kongwe.

Jioni Forodhani. Wavulana wanapeana zamu ya kuruka kutoka ukutani kuingia baharini, wanakuja mbio kutoka mbali, anayeruka vizuri anapigiwa makofi na watu wasiomjua. Ngome Kongwe iko ng'ambo tu ya barabara, na muziki ukianza unavuka ukuta unakuja mpaka kwenye nyasi mlipokaa. Chakula cha pale bustanini kinapendeza macho, ila ulizeni bei kabla kijiti hakijawekwa motoni, na msihisi vibaya mkiamua kuondoka. Kwa shibe ya kweli na pesa kidogo, ingieni mitaani mtafute urojo: mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe na ndimu, ndani yake bajia, kachori, viazi, mishikaki ukitaka, na chipsi za muhogo zimevunjwavunjwa juu, halafu pilipili unajipimia mwenyewe. Bakuli moja la urojo saa kumi na moja jioni linaweza kukufikisha usiku wa manane. Na Kendwa, ikiwa lazima muende, kuna daladala ya Nungwi, namba 116, inapita karibu na huko. Itawachukua muda na mtakaa mmebanana, lakini mtajionea mikarafuu na vijiji vya njiani, na mtalipa sehemu ndogo sana ya bei ya gari la kukodi.

Kwa hiyo fungueni furushi. Kinachowafunga pamoja ni boti na mahali pa kulala, basi. Tiketi za tamasha kila mtu achukue za usiku anaoutaka. Chakula kila mtu na mfuko wake, anayetaka kamba wa kuchoma ale kamba. Kendwa waende wanaotaka Kendwa. Mkifanya hivyo, S akija atakuwa anafanya kila mwenzake anachofanya, kuchagua.

Na sasa mahali pa kulala. Umeandika mstari mmoja mwishoni mwa barua kana kwamba ni habari ya pembeni: mama yake mdogo anaishi Kikwajuni. Mwanangu, Kikwajuni mpaka Ngome Kongwe ni kutembea kwa miguu. S ana nyumba Zanzibar. Ana mtu wa kumfungulia mlango usiku, wa kumwekea chai na maandazi asubuhi, na ambaye huenda ana kiu ya kumwona mtoto wa dada yake. Akilala huko, safari yake ni nauli ya boti na tiketi ya usiku mmoja, na zile 100,000 alizotoa mwezi wa tisa huenda zinakaribia kabisa kutosha. Hatakuwa amechangiwa na mtu.

Tena kuna jambo zaidi. Taarabu ya Unguja ina nyumba zake. Nadi Ikhwan Safaa, ambayo watu huiita Malindi, ilianzishwa mwaka 1905 na bado ipo. Culture Musical Club nayo ipo. Vikundi hivi hufanya mazoezi jioni kwenye klabu zao, violini, kanuni, akodiani, dumbaki, watu wazima wamevaa kanzu na wengine fulana za kazini, wakirudia kipande kilekile mpaka mwalimu aridhike. Mgeni mwenye adabu, aliyeletwa na mwenyeji, hukaribishwa akakaa akasikiliza. Ninyi wanne na nyumba yenu ya Shangani hamtajua ni siku gani wala mlango gani. Mama mdogo wa Kikwajuni atajua, au anamjua anayejua. Umekuwa ukimwona S kama mtu wa kubebwa, na kumbe katika watano wenu ndiye pekee mwenye wenyeji kule. Mwulize na hilo: "Ukija, utatupeleka kusikiliza taarabu?" Nadhani tangu mumewe aachishwe kazi hakuna aliyemwomba kitu ambacho anacho.

Kama hata baada ya hayo yote bado kuna pungufu, na anataka kuja, na wewe unataka kumsaidia, msaidie wazi. Mwambie una kiasi gani na kama ni zawadi au mkopo. Kama ni zawadi, itoke kwenye zile 50,000 zitakazobaki, au kiasi chochote ambacho kikipotea hutamkumbuka nacho kila ukimwona amevaa kiatu kipya. Kama ni mkopo, mpeane tarehe. Zawadi isiyotajwa jina ndiyo iliyowafikisha hapa.

Tuje kwa wale watatu. Umeniuliza kama uwaambie. Hapana. Siri ya S ni ya S, na nia njema haikupi ruhusa ya kuitoa. Tena jihadhari na kuitoa nusu. Ukiandika "jamani tumwelewe, ana mambo yake nyumbani", umeshaisema. Kufika jioni wote watatu watakuwa wameulizana ni mambo gani, na mmoja atakuwa amemkuta mumewe barazani saa nne asubuhi ya Jumanne. Usiseme hata hilo nusu.

Lakini wana haki ya kujua hesabu. Uliwaandikia kwamba pesa zimetimia wakati hazijatimia, na wewe ndiye waliyekuamini. Hilo ulirekebishe kesho mchana, baada ya S na baada ya deni. Andika kwa kifupi: "Jamani, niliwaambia michango imekamilika. Haikuwa kweli, nilijaza pengo kwa pesa zangu, na nimezitoa kwa kuwa sikupaswa kufanya hivyo bila kuwaambia. Mfuko una 1,480,000, nyumba tumelipa 300,000. Napendekeza tufungue bajeti hivi." Kisha weka mpango mpya, na picha ya salio. Usimtaje S. Wataelewa ni nani aliyepungukiwa, hilo huwezi kulizuia, walishajua hajamaliza. Sababu ndiyo siri, na sababu hutaitaja. Mtu akikuuliza pembeni, jibu moja linatosha: "Muulize mwenyewe."

Yule aliyeandika kwamba asiyemaliza abaki, usimwekee kinyongo. Yeye hajui ulichoambiwa. Alikamilisha kabla ya Krismasi, pengine kwa kujinyima, na anaona siku zinakwenda, boti zinajaa na bei ya nyumba haingoji. Mtu aliyelipa kwa wakati ana haki ya kuuliza kinachoendelea. Hata waandaaji wa tamasha wenyewe yaliwakuta: mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika kwa sababu fedha hazikutosha. Walitangaza, watu wakasikitika, na mwaka 2017 muziki ukarudi Ngome Kongwe. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai. Kusema hadharani kwamba mfuko haujajaa hakukuliua tamasha zima la Zanzibar, sembuse matembezi ya marafiki watano.

Na hesabu ya lile pengo niliyokuahidi. Mkibaki wanne, mna 1,380,000 baada ya kumrudishia S pesa yake. Nyumba inadai 300,000 nyingine. Zinabaki 1,080,000 kwa watu wanne, yaani 270,000 kila mmoja, kwa boti, tiketi na kula. Gari la Kendwa ndilo litakalokufa, na daladala nimeshakuonyesha. Au muulizeni mwenye nyumba kama ana chumba kidogo zaidi, ila mfanye hivyo wiki hii, si siku mbili kabla ya kuvuka.

Ikiwa S atabaki Dar, nendeni na mfurahi kweli. Usiende na uso wa msiba kwa niaba yake, maana utawaharibia wenzako na yeye hutamsaidia. Usimpigie kutoka Ngome Kongwe ukimwekea simu juu asikie, labda akuombe. Ukirudi, mtembelee kama ulivyokuwa ukimtembelea, na habari za safari umpe akiuliza. Na kuhusu mumewe, kama katika nyinyi wanne kuna anayesikia nafasi ya kazi mahali, wewe unayejua ndiye wa kumnong'oneza S peke yake. Huo ni msaada ambao huenda anauhitaji kuliko boti.

Boti ya kurudi kateni ya Jumatatu asubuhi. Usiku wa Jumapili ndio wa kufunga, muziki hupita saa sita, na mkikata ya Jumapili jioni mtakuwa bandarini na mabegi wakati wapigaji wanafunga nyuzi. Fast feri ni kama saa mbili hadi Dar, kwa hiyo mwenye kazi aombe ruhusa ya nusu siku sasa hivi, asingoje wiki ya safari. Februari ni kaskazi na jua lake kali. Aliye na tumbo jepesi baharini ale kidogo kabla ya kupanda na akae nyuma, chini. Mjini vaeni khanga au nguo ya kufunika mabega na magoti, ni mji wa watu na wanaswali. Tiketi za kurudi kateni kesho, ukishaandika kwenye grupu: za wanne, na ya tano kama S amekubali.